Hatua Mia Nane za Shemeji

Kuna watu huenda kula kwa ndugu zao na zawadi mkononi. Desimali alikwenda na kalkuleta. Kila Jumapili mchana alibisha hodi kwa dada yake, gauni limenyooshwa kwa pasi hadi likawa na kona, mkoba begani, na ndani ya mkoba, imeviringishwa kwenye kitambaa cha flana kama kichanga aliyetoka kliniki, ilikuwamo kalkuleta ya zamani iliyowazidi umri wapwa zake wote na baadhi ya waume zao.

Jina la Desimali alilipata kazini. Alikuwa karani wa hesabu katika ofisi ya wapima ardhi. Wapimaji walirudi kutoka porini na vumbi na namba. Vumbi walijifuta wenyewe, namba walimwachia yeye. Alizisafisha hadi kiwanja cha mtu kikafunga, yaani mstari ulioanzia kwenye kigingi cha kwanza ukarudi pale pale ulipoanzia, bila kudokoa shamba la jirani. Kazi ya namna hiyo humwingia mtu mwilini. Ukimwambia umechelewa nusu saa hivi, atakuuliza kama ni nusu kamili au unakadiria. Mwanaume mmoja aliwahi kumwambia anampenda asilimia mia mbili. Akaambiwa aende akatafute asilimia huishia ngapi, kisha arudi. Hakurudi. Desimali hakumlilia, mtu asiyejua ukomo wa asilimia atajuaje ukomo wa bajeti?

Sasa, kwa waliozaliwa simu zikiwa tayari mifukoni, tuelewane kidogo. Zamani zilikuwepo kalkuleta ambazo ungeweza kuzifundisha hesabu ndefu, kitufe baada ya kitufe, zikaishika. Ukishaifundisha, unailisha namba tu, inajifanyia yenyewe huku wewe unakuna kichwa. Mafunzo hayo yaliitwa programu, na yalipimwa kwa hatua. Hatua zikijaa zimejaa, hata uibembeleze. Ndiyo maana watengenezaji walitangaza hatua zao kama madalali wanavyotangaza mashamba: kwa sauti kubwa na bila kutaja mawe.

Kwenye boksi la kalkuleta ya Desimali paliandikwa kwa herufi za wastani: hatua mia mbili na ishirini, visanduku ishirini na sita. Visanduku ni pale unapohifadhi namba zako. Basi, imekwisha, kama mtu mpole anayejitambulisha.

Kwenye boksi la kalkuleta ya shemeji yake paliandikwa HATUA MIA NANE! VISANDUKU MIA MOJA! Na alama za mshangao zilikuwa nyekundu.

Shemeji huyo, mume wa dada yake, aliitwa Mzee Lami. Alikuwa mchoraji wa barabara katika idara iliyokuwa ghorofa ya chini ya jengo lile lile. Alipandisha hesabu za kona za barabara zake juu, zihakikiwe, kwa sababu chumba cha hesabu kilikuwa na kanuni yake: kila kazi hukokotolewa na watu wawili, mashine mbili, wameketi wamepeana migongo, hakuna kusemezana hadi wote wamalize. Halafu karatasi zinageuzwa. Majibu yakilingana, kazi inatoka. Yasipolingana, hakuna kuuliza nani kakosea; wote wawili wanaanza upya. Desimali alipangwa pamoja na Mzee Lami. Walipeana migongo miaka mingi, na kila karatasi zilipogeuzwa, kabla ya kutazama jibu, Mzee Lami alisema, "Mia nane, shemeji." Wakati ule hakuwa shemeji bado. Alimwita hivyo kwa kutangulia, kwa kuwa dada mtu alikuwa akipita jioni kumchukua mdogo wake, na Mzee Lami alikuwa na macho.

Dada mtu alikuwa muuguzi mkuu hospitalini, na ingawa amestaafu, cheo hakijajua. Wote humwita Metroni. Wodi nzima ilikuwa ikinyamaza kwa kikohozi chake kimoja. Wawili tu duniani hawakunyamaza: mume wake na mdogo wake, wakiwa kwenye hatua.

Jumapili moja Metroni akawa na mgeni, muuguzi mwenzake wa zamani, mama mtaratibu, gauni jeupe. Kuku alikuwa mezani, mchuzi kwenye bakuli, na mambo yalikwenda vizuri hadi Mzee Lami alipojifuta mdomo.

"Shemeji," alisema, "mashine yako bado inatembea hatua zake mia mbili, au magoti yameanza kuuma?"

"Mia mbili na ishirini. Na yako je, bado inahesabu hatua hata ukipiga chafya?"

"Sitaki maneno mengi. Tuna mgeni hapa, hana upande." Akamgeukia mgeni. "Mama, mia nane na mia mbili na ishirini, ipi kubwa?"

Mgeni alimtazama Metroni kama anayeomba ruhusa. "Mia nane?"

"Umesikia! Karibu mara nne! Na hata hajasoma boksi!"

Desimali akakusanya vijiko. Alivipanga vitatu mbele ya mgeni, kimoja nyuma ya kingine kama foleni. "Tazama, dada yangu. Unataka kuiambia mashine: chukua namba hii, jumlisha, weka kisanduku cha tano. Hivyo ni vitufe vitatu. Mashine ya huyu bwana inavihesabu hatua tatu." Akavichukua vile vijiko, akavibebesha kimoja juu ya kingine. "Yangu inavibeba kwa mpigo. Hatua moja. Kwa hiyo mia mbili na ishirini yangu ni sawa na mia sita na sitini yake."

"Bado hujafika mia nane," Mzee Lami alisema, akitafuna.

"Ngoja, sijafika kwako. Mama, boksi lake linasema hatua mia nane na visanduku mia. Halisemi kwamba kila kisanduku kinakula hatua nane. Akivitaka vyote mia, anabaki na hatua ngapi?"

Mgeni alifikiri. Mzee Lami alianza kutafuta chumvi iliyokuwa mbele yake.

"Sifuri!" Desimali akashangilia. "Ni dalali anayetangaza nyumba ya vyumba vinne na sebule nne. Ukifika anakwambia uchague. Kumbe vyumba ni vile vile vinne, ukitia kochi ni sebule, ukitia kitanda ni chumba!"

"Lakini nina uhuru wa kuhamisha kochi! Wewe visanduku vyako vimepigwa misumari!"

Hapo Desimali alikwishaanza kujenga mnara wa vijiko vyote vya nyumba ile, vitatu vitatu, ili mgeni aone kwa macho yake. Mzee Lami akanyoosha kidole kuonyesha kilichopinda. Iwapo alikigusa au hakukigusa ni jambo ambalo hadi leo lina ushahidi wa pande mbili. Mnara ulianguka kwenye bakuli la mchuzi, na mchuzi ukapanda juu kwa furaha, ukashukia kwenye gauni jeupe.

Metroni hakupandisha sauti. Alimsindikiza mgeni hadi getini, akarudi, akasimama kwenye kichwa cha meza.

"Jumapili ijayo mnalimaliza," alisema. "Nataka kuweka vigae uwanja wa nyuma, na sijui ukubwa wake. Mtanipimia. Kazi moja, mashine mbili, na mwisho mniambie ipi yenye nafasi kubwa, si kwa boksi, kwa kazi hiyo. Baada ya hapo sitaki kulisikia neno hatua kwenye meza yangu, hata kwa mtoto anayejifunza kutembea. Msipolimaliza, kila mtu ale kwake."

"Sawa, mke wangu," Mzee Lami alisema haraka mno.

Desimali alikuwa amefika nusu ya njia ya kurudi ndipo hesabu ilipomkaa. Kila mtu ale kwake. Kwake Mzee Lami ni wapi? Ni meza ile ile, kiti kile kile, kuku yule yule. Aliyehukumiwa alikuwa mmoja tu, na kwake ni vyumba viwili vya kupanga, jiko la gesi la sahani moja, na redio. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi maneno yake mengi yalimwendea muuza duka ("nusu kilo, na usikadirie"), mengine yalikwenda kwa redio, ambayo aliibishia kila ilipotaja takwimu. Redio haikuwahi kumjibu. Jumapili ndiyo siku pekee aliyokuwa na mtu wa kumkatiza kauli.

Kwa hiyo alijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye kesi. Alifuta meza, akachonga penseli, na kutoka chini ya godoro akatoa kitabu cha maelekezo cha kalkuleta ya Mzee Lami. Kitabu hicho alikiazima zamani, wakiwa bado kazini, kwa hasira na bila kumwambia mwenyewe, ili atafute uongo ndani yake. Aliuona kiasi, akaupigia mstari, na kwa bahati mbaya ya makusudi hakukirudisha.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Uwanja wa dada yake una kona kumi na mbili. Ukuta ule ulijengwa na fundi ambaye bila shaka alilipwa kwa kona. Kila kona ina namba mbili: imekwenda mashariki kiasi gani na kaskazini kiasi gani. Unazidisha mashariki ya kona hii kwa kaskazini ya kona inayofuata, unatoa kinyume chake, unasonga mbele, ukizunguka uwanja wote unagawa kwa mbili, eneo limepatikana. Ataiandika programu hiyo kwa mashine yake, kisha, kwa kutumia kitabu, ataiandika tena kwa mashine ya shemeji. Halafu ataangalia kila mashine inaweza kuibeba programu yake mara ngapi kabla ya kujaa. Mtu hapimi gunia kwa kusoma maandishi ya nje, anatia mahindi.

Yake ilitoka hatua tisini na saba. Aliipenda. Ilikuwa safi kama shuka la wodi.

Ya shemeji aliitarajia karibu mia tatu, kwa kuwa miaka yote alisema mara tatu. Ilitoka mia moja sitini na nane.

Akaitazama ile namba kama mtu aliyemkuta mgeni jikoni. Aliitafuta sababu, akaiona, na ilikuwa sababu ya kijinga: si kila kitu hubebwa kwa mpigo. Kuhifadhi kwenye kisanduku, ndiyo, hapo mashine yake iliokoa. Lakini kuzidisha ni hatua moja kwake na hatua moja kwa shemeji. Kutoa, vivyo hivyo. Tarakimu ya kawaida, hata ile mbili ya kugawia, inakula hatua nzima kila mahali. Ule utatu aliouimba mezani ulikuwa wa vijiko alivyovichagua mwenyewe.

"Haidhuru," aliiambia redio. "Visanduku vitamla."

Kona kumi na mbili ni visanduku ishirini na vinne, na mashine ya shemeji ilihitaji vingine sita vya kupumulia. Thelathini. Vikala hatua mia mbili na arobaini. Kwenye mia nane zikabaki mia tano na sitini. Akaitia programu ndani: ikaingia mara moja, mara mbili, mara tatu, na chenji ikabaki.

Kwenye yake, visanduku ishirini na sita vilitosha kwa kubanana, hakuna kilichokula kitu. Akaitia programu: mara moja. Mara mbili. Ya tatu ikakataa.

Alihesabu tena. Akanywa chai. Akahesabu kutoka chini kwenda juu, jinsi mtu anavyotafuta kosa linalojificha. Tatu kwa mbili. Mzee Lami, mtu asiyewahi kuhesabu chochote zaidi ya alama za mshangao, alikuwa na mashine kubwa kuliko yake. Si mara nne kama alivyopiga domo, lakini kubwa ni kubwa. Na yeye, Desimali, miaka yote ile alikuwa akisema uongo, tena uongo wenye nukta.

Angeweza kunyamaza. Shemeji hakuwa mtu wa kukaa chini na penseli. Kwa mdomo angemshinda, kama kawaida. Lakini kumshinda kwa mdomo ndiko walikokuwa wakifanya tangu wakiwa na nywele nyeusi, na hakukuwahi kumaliza kitu. Metroni alitaka limalizwe. Desimali alikunja karatasi, akazitia kwenye mkoba pamoja na kitabu. Akisema kweli atasimangwa hadi siku ya kuzikwa. Lakini atasimangwa akiwa mezani.

Jumapili ilipofika Mzee Lami alimpokea uwanjani na tepu ya kupimia, kofia kichwani kana kwamba wanakwenda kujenga bandari.

"Shika hapo kwenye kona. Vuta!"

"Nimevuta."

"Umevuta kama unamsalimia mkwe. Vuta, shemeji, tepu haina nyonga, haitavunjika!"

"Shemeji, ukiendelea kuvuta hivyo, uwanja wa dada utakua."

Walipima kona zote, wakiruka banda la kuku, wakizunguka tangi la maji lililosimama katikati juu ya jukwaa lake la saruji. Kila mmoja aliandika namba zake. Kisha wakaingia ndani, na bila kuambizana, kila mtu akageuza kiti. Wakapeana migongo kama zamani. Metroni alipowaona hivyo alisimama mlangoni kidogo, mwiko mkononi, kisha akarudi jikoni.

Mashine ya Mzee Lami ilikuwa imewaka namba nyekundu tangu asubuhi. Aliifundisha programu yake kabla ya chai, na kwa ajili yake chai ikampoa. Hakuwa na jinsi. Betri ilikwishakufa zamani na dukani wakamcheka. Kadi za sumaku, zile ambazo mashine ilikuwa ikihifadhia programu, alikuwa nazo nyingi kwenye bahasha, ila kigurudumu cha mpira kilichozivuta ndani kilikwishayeyuka kuwa kitu kama ubani uliotafunwa. Kwa hiyo mashine iliishi kwa waya, kutoka mezani hadi soketi ya ukutani. Ilikuwa na kumbukumbu nzuri sana, mradi usiizime.

Alikuwa kona ya tisa, anabonyeza kwa kidole kimoja na kunong'ona kama anayesali, Metroni alipoingia na blenda ya juisi. Jikoni soketi ilikuwa ya friji. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama, akachomoa plagi kwa utulivu wa mtu aliyechomoa dripu nyingi maishani kuliko miswaki. Akachomeka yake. Blenda ikanguruma.

Namba nyekundu zilizimika zote kwa pamoja.

"Mke wangu," alisema Mzee Lami.

"Eeh?"

"Mke wangu."

"Sisikii, nasaga!"

Desimali aligeuka. Aliona kioo cheusi, aliona waya umelala sakafuni, akaelewa. Alijitahidi. Mbele ya kabati na picha ya harusi, alijitahidi kweli. Lakini kuna maneno hutoka yenyewe, kama kikohozi.

"Shemeji, sasa hivi una hatua ngapi?"

Alitegemea jibu. Hata tusi lingemtosha. Mzee Lami alivua miwani, akaisugua kwa ncha ya kitambaa cha meza, ikawa chafu zaidi, akaivaa.

"Basi," alisema. "Siwezi kuanza upya. Mwambie dada yako umeshinda."

Neno alilolingoja tangu ghorofa ile ya ofisi lilimfikia kama kifurushi chenye anwani ya jirani. Lilikuwa zuri, limefungwa vizuri, na si lake. Blenda ilinyamaza. Metroni alikuwa amegeuka, jagi mkononi, anawatazama wote wawili, na uso wake ulianza kushuka.

"Mwambie mwenyewe ukimaliza," Desimali alisema. "Dada, tuchomekee mashine. Juisi nenda kasagie kwenye soketi ya friji, friji haitakufa kwa dakika mbili." Akafungua mkoba, akatoa karatasi zake, zilizoandikwa nyuma ya kurasa za kalenda ya mwaka jana. "Shemeji, geuka. Mimi nasoma, wewe bonyeza."

"Unasoma nini?"

"Programu yako."

"Programu yangu? Umeitoa wapi?"

"Nimeiandika. Na kabla hujauliza, kitabu chako cha maelekezo nacho hiki hapa."

Mzee Lami alikipokea kwa mikono miwili. Macho yalimtoka. "Kitabu changu! Shemeji! Nilimnunia dereva wa idara kwa ajili ya kitabu hiki hadi akaomba uhamisho!"

"Alikuwa anaendesha vibaya. Bonyeza: kisanduku cha sifuri, chukua."

"Mtu mwenye watoto!"

"Chukua, shemeji."

Akachukua. Wakaanza, yeye anasoma, shemeji anabonyeza na kurudia kila neno kama anayekula kiapo. Zidisha. Nimezidisha. Usizidishe kwa mbwembwe, mara moja inatosha. Rudi kwenye alama ya kwanza. Nimerudi. Walipofika katikati Mzee Lami alisimamisha kidole.

"Hapa mimi niliweka vitufe vingi zaidi."

"Najua. Nilijua utaweka. Nimekukatia."

"Umenikatia? Kwa nini unikatie, yangu ndiyo mashine adui?"

"Kwa sababu nilitaka kuhesabu vizuri. Bonyeza."

Metroni aliporudi na juisi, programu ilikuwa imeingia yote na kona zote kumi na mbili zimelala kwenye visanduku vyao. Aliweka jagi mezani, akakaa. "Haya. Nani mkubwa?"

Mzee Lami alifungua mdomo. Desimali akamwahi; hakuwa amewahi kumwachia shemeji aanze, na hakuwa na nia ya kumwachia leo.

"Yake," alisema. "Nimehesabu mara nyingi kuliko nilivyopenda. Kazi hii, pamoja na namba zake zote, yeye programu yake inaingia mara tatu. Yangu inaingia mara mbili. Yale niliyokuwa nasema ya kubeba vitatu vitatu, sivyo. Ni karibu viwili, tena vya kusukuma."

Jikoni friji ilianza kunguruma tena.

"Tatu kwa mbili?" aliuliza Mzee Lami.

"Tatu kwa mbili."

"Yaani mara moja na nusu?"

"Moja nukta tano."

"Moja na nusu tu? Boksi linasema karibu mara nne!"

"Umeshinda, shemeji, unalalamika nini?"

"Nalalamikia ushindi! Miaka yote nimevimba kichwa kwa mara nne, leo unanipa moja na nusu kama chenji!"

"Irudishe basi."

"Sirudishi!"

"Neno hilo limekwisha," Metroni alisema, na kikohozi chake kilikuwa karibu. "Limezikwa. Nipeni uwanja wangu."

Wakabonyeza kitufe cha mwisho, kila mtu na mashine yake. Ya Desimali ilifikiri kimya kimya. Ya Mzee Lami ilimetameta kama duka la sikukuu. Kila mmoja akaandika kwenye kipande chake, wakavisukuma katikati ya meza, na kama zamani, wakavigeuza kwa pamoja.

Cha Mzee Lami kilisema mita za mraba mia moja arobaini na sita nukta mbili. Cha Desimali, mia moja arobaini na tatu nukta nane.

Kanuni inasema hakuna kuuliza nani kakosea.

"Umekosea wapi?" aliuliza Mzee Lami.

"Mimi? Mashine yangu imenipa arobaini na sita nukta mbili kama yako. Nimetoa jukwaa la tangi. Mita moja nukta sita kwa moja nukta tano, mbili nukta nne. Nani anaweka vigae chini ya tangi?"

"Vigae vinatangulia, tangi linakaa juu!"

"Utainua tangi lililojaa maji ili uweke kigae asichokiona mtu? Wewe huvaa soksi juu ya kiatu?"

"Nani kasema litajaa? Tunalimwaga kwanza!"

"Dada, umesikia? Anataka kukumwagia maji."

"Mimi nilijenga barabara, shemeji! Huwezi kuzunguka kila jiwe! Unaanza chini!"

"Ndiyo maana barabara zako zote zina kona!"

Metroni aliwatazama kwa zamu, kulia, kushoto, kama anayekagua vitanda viwili na hajaona mgonjwa. Kisha akasogeza kalkuleta zote mbili pembeni ya kabati, mbali na bakuli la mchuzi, akaanza kugawa sahani. Ya mume wake. Yake. Ya tatu aliiweka mahali pake pa kawaida, mbele ya mdogo wake, na kijiko kimoja tu.

"Fundi wa vigae anakuja mwisho wa mwezi," alisema. "Hili la tangi mtalimaliza Jumapili ijayo."

Mzee Lami akaguna. Desimali alisogeza kiti karibu na meza. Alikunja kitambaa chake magotini, akakinyoosha, akakikunja tena.

"Shemeji," alisema hatimaye, "nipitishie chumvi."

"Iko mbele yako."